Kaya ya Mtu Mmoja

Paukwa. Mwenye salio ajibu, asiye na salio atikise kichwa, nitaelewa.

Palikuwa na nchi. Jina lake silitaji, si kwamba naogopa, ni kwamba kila nikiliandika simu inazima yenyewe, na chaja nimeazima. Ila ni nchi nzuri jamani. Ina bendera, ina mabango, ina Mheshimiwa Mwenyewe. Ndiyo, anaitwa hivyohivyo, Mwenyewe, maana ukiuliza chochote pale, iwe barabara, iwe kisima, iwe mvua, unaambiwa hiyo ni ya Mwenyewe.

Sasa Mwenyewe akatoka safari ya nje kanuna. Huko alikokwenda marais waliketi kwenye meza ndefu, kila mmoja akaulizwa, "Kwenu maskini wangapi?" Wa kulia kwake akataja. Wa kushoto akataja, mpaka na vile vinavyokaa baada ya nukta. Ilipofika zamu yake akasema, "Wapo wapo."

Ukumbi mzima ukamgeukia. Wapo wapo!

Aliposhuka kwenye ndege hata maua hakupokea. Bendi ikakatizwa katikati ya wimbo. Alisema neno moja tu: "Pimeni."

*

Kazi akapewa Dokta Pongwe, Mkurugenzi wa Idara Kuu ya Kupima Hali. Huyu bwana alisomea nchi za baridi, na tangu arudi hajawahi kuvua koti. Mfuko wa shati, pale ambapo wenzake wanaweka kalamu, yeye anaweka kikokotoo. Ukimsalimia "habari za leo" anakuuliza, "Ukilinganisha na lini?"

Mpango ulikuwa mtamu. Wadadisi wangesambaa kila kijiji, kila kitongoji, mpaka kwenye nyumba ambazo hata mvua huzisahau. Bajeti ikatoka. Kwanza ikafanyika semina elekezi, hotelini. Halafu semina ya kutathmini semina elekezi, hoteli nzuri zaidi, maana ile ya kwanza ilitathminiwa ikaonekana ina mbu. Zikashonwa fulana. Zikashonwa kofia. Wimbo ukatungwa, ukarekodiwa, ukachezwa na wadadisi wenyewe wakiwa wamevaa fulana na kofia. Kufikia hapo vilikuwa vimebaki gari moja na mafuta ya kulamba.

Dokta hakutetereka. Akapanda gari na dereva wake, wakaenda mpaka lami ikaisha, na lami ilipoisha mafuta nayo yakaisha. Hapo pana kitongoji, kinaitwa hivyohivyo, Mwisho wa Lami.

"Dokta, tumekwama," dereva akasema.

"Hatujakwama. Tumechagua."

"Tumechagua nini?"

"Sampuli. Kitaalamu sampuli inatakiwa iwe ya nasibu, asiijue mtu. Wewe ulijua tutazimikia hapa?"

"Sikujua."

"Hata gari lenyewe halikujua. Shuka tukapime taifa."

*

Nyumba ya kwanza walikuta wanawake wawili wamekaa mkekani, sinia katikati. Mmoja ni Bi. Siwatu, mwenye nyumba, mjane, mkulima wa mchicha na matembele bondeni. Wa pili ni Kidawa, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, naye mjane, mwenye kishamba cha mahindi. Hawa wawili walikuwa na utaratibu wao tangu waume zao wako hai: Bi. Siwatu anatoa mboga, Kidawa anakuja na unga, kinapikwa chungu kimoja kwa Bi. Siwatu, kinaliwa mkeka mmoja. Kabla ya kula Kidawa anachukua kopo la maji, anamnawisha mwenzie. Kisha mwenzie anachukua kopo, anamnawisha Kidawa. Hakuna aliyewahi kuliandikia hilo ripoti, lilikuwa linafanyika tu.

"Karibuni chakula!" Bi. Siwatu akasema, hata salamu hajapokea.

Dokta akaruka nyuma kama kaonyeshwa nyoka. Mdadisi akila chakula cha anayedadisiwa, chungu kinapungua, na kwa mizani ya Dokta kuchafua data ni dhambi kuliko zinaa. "Tumeshiba, mama yetu, tumeshiba. Nina swali. Kaya yako ina watu wangapi?"

"Kaya ndiyo nini, baba?"

"Watu wanaokula chungu kimoja."

Bi. Siwatu akamtazama Kidawa. Kidawa akamtazama Bi. Siwatu, shavu limejaa tonge.

"Hapa unatuona wangapi?"

"Wawili."

"Basi na hayo macho yako yasome jibu."

Kidawa akapaliwa kwa kicheko mpaka akapigwa mgongoni.

Dokta akapima chungu. Akapima ugali, akapima mboga, akapima na lile ganda la chini lililoungua. Akagawa kwa wawili. Halafu akachora mstari kwenye karatasi yake. Huo ndio mstari wa umaskini, msije mkautafuta barabarani, upo kwenye karatasi tu. Juu ya mstari una nafuu, chini ya mstari wewe ni maskini. Bi. Siwatu na Kidawa wakaangukia chini, tena si mbali, pua tu.

Sasa hapa mnisikilize vizuri. Kwenye takwimu, anayepimwa anabebeshwa uzito wa wote wasiopimwa. Ukipima nyumba nyingi, kila nyumba inabeba kidogo. Ukipima moja? Inabeba zote. Kwa hiyo jioni hiyo, bila kuhisi chochote mgongoni zaidi ya uchovu wa kupalilia, Bi. Siwatu, aliyeandikwa mkuu wa kaya, akawa watu milioni ishirini.

*

Dokta akapiga simu ikulu. "Mtukufu, tumepima. Milioni ishirini, wote chini ya mstari."

"Wapandishe."

"Tuwaongezee chakula?"

"Nimesema chakula mimi? Nimesema wapandishe."

Dokta akaitazama hesabu yake siku nzima, koti limemlowa jasho, mpaka akapiga meza. Tatizo halikuwa chungu! Chungu hakina kosa. Tatizo lilikuwa kile unachogawia. Chungu kilekile, ukigawa kwa wawili, umaskini. Ukigawa kwa mmoja, ustawi. Kilichoiweka nchi nzima chini ya mstari kilikuwa makalio ya Kidawa kwenye mkeka usio wake.

Wiki ileile ukajengwa uzio wa mabati kati ya nyumba mbili, mrefu hata twiga angeuliza njia. Tenda alipewa shemeji wa mtu. Mlinzi naye akaletwa akae kwenye mlango wa uzio, Koplo Luhende, na kiti, na redio koli. Amri ikasomwa: asionekane mtu anakula na Bi. Siwatu, maana atakayekula naye ni mwanakaya, na mwanakaya mmoja akiongezeka, milioni ishirini wanatumbukia.

"Na unga wangu?" Kidawa akauliza kutoka ng'ambo. "Nimpitishie unga tu, mimi nikae hukuhuku."

Koplo akauliza kwenye redio. Ikajibu kwamba chakula kikivuka uzio kwenda ni mauzo ya nje, kikivuka kuja ni msaada, na msaada lazima upokelewe na Waziri, tena na picha. Waziri alikuwa semina.

Kwa hiyo huku ikawa mboga bila ugali, kule ugali bila mboga. Mnauliza, sasa chungu si kimepungua? Jamani msinichekeshe. Chungu kilishapimwa siku ile, kipo kwenye rekodi, kimejaa. Ni watu tu waliohesabiwa upya. Dokta akagawa chungu cha jana kwa watu wa leo, mstari ukavukwa, na Mwenyewe akatangaza kwa taifa: wananchi milioni ishirini wametoka kwenye umaskini kwa usiku mmoja, bila kelele, na bila jasho. Watu wakapiga honi. Hata wenye baiskeli walitafuta honi.

Usiku huohuo Bi. Siwatu alikaa mkekani akajinawisha. Mnajua mtu akila peke yake ananawaje? Mkono mmoja unamwaga, mwingine unanawa, halafu inabadilishana, kama wageni wawili waliokutana foleni. Maji mengi yanaanguka pembeni. Alipomaliza akageuka, kwa mazoea, akamsogezea kopo mtu asiyekuwepo.

Akamwona Koplo mlangoni.

"Karibu chakula, mwanangu."

"Nimeshiba, mama," Koplo akajibu, na tumbo lake likaunguruma kama pikipiki inayokataa kuwaka.

*

Maisha ya kuwa milioni ishirini yana mambo yake. Kidawa alikuwa na redio ndogo ya betri, na habari zikianza anaisogeza kwenye uzio.

Bi. Siwatu akinunua kanga, taarifa inasema soko la nguo limefufuka. Akipata mafua, hospitali zote zinaagizwa kujiandaa. Siku aliyoteleza bondeni akachubuka goti, Wizara ya Ujenzi ikalaumiwa bungeni kwa hali ya miundombinu. Siku moja kuku wake alitaga, akala yai, na mchumi mmoja akaongea kwenye redio mpaka sauti ikamkauka, anasema tabaka la kati limezaliwa.

"Wananchi walio wengi," redio ikasema, "sasa wanalala mapema."

Bi. Siwatu akaacha kuchambua mchicha. "Kidawa, hao wengi ni mimi?"

"Ni wewe, shoga."

"Nalala mapema kwa sababu sina wa kupiga naye soga."

"Hilo hawajasema. Haya, milioni ishirini, hamjambo huko?"

"Hatujambo. Ninyi?"

"Mimi niko mmoja tu, sina makuu. Leo mmepika nini?"

"Matembele. Tumeyatia karanga."

"Na mimi ugali wangu huu, mweupe, unaona haya. Basi kula mboga, mi nikila tonge nitaifikiria."

Wakawa wanakula hivyo. Kila mmoja anaweka mkeka wake ukigusa bati, mgongo kwenye bati, wakiegemeana na bati katikati. Kidawa anagonga sufuria na mwiko kabla ya kuanza, maana yake nanawa. Bi. Siwatu anagonga, maana yake na mimi nanawa. Koplo kwenye kiti chake anatazama juu, anahesabu kunguru.

Sheria haikukataza kusikiana. Lakini Dokta, mwacheni aitwe Dokta, aliona kwenye ripoti kwamba mboga inaisha haraka siku wakiongea sana. Akaandika waraka: maongezi huleta hamu, hamu huleta ulaji, ulaji usiopangwa huharibu mwelekeo wa uchumi. Kidawa akapangiwa kula saa tisa alasiri. Bi. Siwatu saa saba. Sufuria zikafungwa vitambaa.

"Huu si utu, mwanangu," Bi. Siwatu akamwambia Koplo.

"Siyo mimi, mama. Ni mwelekeo."

*

Kuanzia hapo chakula kikaanza kubaki.

Si kwamba kilikuwa kingi. Hakikushuka tu. Bi. Siwatu anakaa, anajinawisha, anamega, anatazama bati, anarudisha. Jioni Koplo anapima kilichobaki, anakitaja kwenye redio koli, na kule makao makuu wanapiga makofi. Mnaelewa sababu? Kama mtu mmoja anabakiza nusu bakuli, na yeye ni milioni ishirini, basi hizo ni nusu bakuli milioni ishirini, hilo ni ghala! Waziri akatoka semina mbio akatangaza kwamba nchi ina ziada ya chakula ambayo haijawahi kuonekana tangu enzi za mababu. Na ziada, kama mnavyojua, haikai. Ikauzwa nje.

Malori yakaanza kupita Mwisho wa Lami usiku na mchana yamebeba mahindi ya wilaya nzima. Wakulima wakauza, na Kidawa naye akauza magunia yake kwa mabavu ya mtendaji wa kijiji, akabakiza debe. Unga dukani ukapaa. Debe likaisha.

Asubuhi moja Bi. Siwatu akatazama juu ya uzio. Siku zote kwa Kidawa moshi huwahi kupanda. Siku hiyo mabati yalikuwa na anga tupu juu yake. Kesho yake hivyohivyo.

"Kidawa!" akaita. Kitambaa akakitoa kwenye sufuria, akagonga. "Kidawa we! Unaumwa?"

"Siumwi," sauti ikatoka mbali, kama ya mtu aliyelala chali. "Nimepumzika kupika."

"Umekula nini?"

Akagonga tena sufuria.

"Kidawa, umekula nini?"

"Shoga, usiniulize unachokijua."

Bi. Siwatu akachukua bakuli la mchicha akaenda nalo mpaka mlango wa uzio. Koplo Luhende akasimama. Hakuinua mkono, alisimama tu, kichwa chini, upana wake wote mlangoni.

"Nipishe nimpelekee mwenzangu."

"Mama, ukivuka na hilo bakuli mimi nina watoto wanne."

Akarudi nalo. Lilikaa mkekani mpaka likapoa, na jioni Koplo akalipima, na ziada ya taifa ikapanda tena.

*

Ndipo ikaja siku ya sherehe. Mwenyewe aliamua kuja kwa miguu yake Mwisho wa Lami, kuithibitishia dunia kwamba nchi imetoka rasmi kwenye kundi la maskini. Lami ikaongezwa kidogo mpaka mlangoni kwa Bi. Siwatu, ikanyunyiziwa maji ing'ae. Wakaja mawaziri, mabalozi, wapambe, kwaya, na yule shemeji wa tenda. Matangazo yakaruka moja kwa moja. Kila mwenye simu nchini alikuwa ameishika, na betri zikatuishia tukitazama.

Ratiba ilikuwa rahisi. Bi. Siwatu angekula mbele ya kamera, apige mbweu kama ataweza, kisha aseme, "Maisha yamekuwa bora." Ugali uliletwa kutoka ikulu, na samaki, na kachumbari. Dokta alishamfundisha.

Akakaa mkekani. Sinia likatua, likatoa mvuke. Kamera zikasogea. Bi. Siwatu akanyoosha mikono yake miwili mbele, viganja juu, akasubiri.

Wakasubiri naye. Kwaya ikamaliza beti.

"Kula, mama yetu," Mwenyewe akasema akitabasamu kwa kamera.

"Nani ananinawisha?"

Kopo la maji lilikuwa palepale chini. Waziri mmoja, tuseme alilelewa vizuri, akainama kulichukua. Dokta akamvuta koti akamnong'oneza, na kipaza sauti kikanasa: "Mheshimiwa! Anayenawisha ni mwanakaya!" Waziri akaliachia kopo kama kaa la moto.

Mikono ya Bi. Siwatu ikabaki hewani. Ilikuwa na udongo wa bondeni kwenye mistari. Taifa zima liliitazama ile mikono jamani, na hakuna aliyeweza kupita kwenye kioo cha simu akainawishe.

"Basi," akasema. "Mimi sina shida na mtu. Jirani yangu Kidawa yuko nyuma ya bati hili, hajala. Aje tule. Chakula hiki kinamtosha yeye na mimi na kinabaki."

Dokta akashika kifua. Milioni ishirini!

"Mama yetu," Mwenyewe akasema, "hiyo tutaiundia kamati."

"Haya. Kama yeye haji, ninyi mmesimama nyumbani kwangu na mimi nimekaa na chakula. Sikulelewa hivyo. Karibuni."

Akasogea kwenye mkeka akaacha nafasi. Akaigonga kwa kiganja. "Karibuni chakula."

Jamani, serikali nzima ilirudi nyuma hatua moja. Mabalozi wakarudi. Kwaya ikarudi, soprano wakawakanyaga besi. Maana kila mtu pale alijua: atakayetia mkono kwenye lile sinia ni mwanakaya, na kaya ile ndiyo umaskini wa nchi.

"Tumeshiba!" akasema Waziri.

"Tumeshiba mama!" wakaitikia wapambe.

"Mimi hata asubuhi nilishiba," akasema shemeji wa tenda.

Uwanja mzima ukawa wimbo mmoja, tumeshiba, tumeshiba, na ndani ya kelele hizo Dokta Pongwe akasimama wima, macho yamemtoka, kikokotoo mkononi. Alikuwa amepata ufunuo.

"Mtukufu! Hii ni sampuli! Watu wote hawa, kwa hiari yao, mbele ya mashahidi, wameshiba! Njaa hakuna nchini! Asiyeshiba ni mmoja tu." Akamwonyesha Bi. Siwatu kwa kidole. "Na kitaalamu, namba moja ikiwa mbali na zote, haituambii kitu. Ni data iliyojitenga. Inafutwa."

"Nimejitenga mimi?" Bi. Siwatu akauliza, mgongo wake ukiwa umeegemea bati.

Hakujibiwa. Alikuwa ameshafutwa.

*

Umaskini ulipokwisha, Idara ikaona sasa kuna la kupima: utajiri. Ilitakiwa Kaya Tajiri ya Taifa. Gari likawashwa, mafuta hayakutosha hata kugeuza, kwa hiyo Dokta akatembea mpaka nyumba ya pili.

Akamkuta Kidawa kalala kibarazani.

"Mama, unatumia kuni?"

"Situmii."

"Mkaa?"

"Situmii."

Dokta akaandika: ameachana na nishati chafu. Akachungulia sufuria, inang'aa. Akaandika: usafi wa hali ya juu. "Sokoni unaenda?"

"Niende kufanya nini?"

Akaandika: anajitosheleza. Akamtazama alivyolala mchana kweupe, akaandika: ana muda wa mapumziko. Akasimama, akampa mkono. "Hongera sana, mama yetu."

Tajiri wa Taifa hawezi kuonekana mkavu, kwa hiyo ikaletwa gunia la mchele, na mafuta, na nyama, na kochi lisilopita mlangoni likawekwa uani. Na amri ikasomwa ileile, maana utajiri nao ukigawanywa kwa wawili unashuka: asionekane mtu anakula naye. Kwa kubana matumizi uzio ukabaki palepale. Kilichohamishwa ni kiti cha Koplo, kutoka upande huu kwenda upande ule.

Na Bi. Siwatu? Alikwenda zahanati na goti lake, nesi akapekua kwenye mashine, akasema, "Mfumo haukuoni, mama," akaita anayefuata. Alikwenda kwa mtendaji, mtendaji akaongea na mtu aliyekuwa nyuma yake. Bondeni watu walimpita bila salamu, siyo kwa ubaya, waliogopa kuonekana wanaongea na kitu kilichofutwa. Kwanza alikuwa milioni ishirini bila mwenzie. Sasa alikuwa hata mmoja hayumo. Jioni alikaa mkekani, akajinawisha, maji yakaanguka pembeni.

Halafu akasikia. Ng'ambo ya bati, taratibu, mwiko kwenye sufuria. Ngo, ngo. Nanawa.

Bi. Siwatu akainuka. Akachuma mchicha, akaupika na karanga zilizobaki, akalishika bakuli kwa mikono miwili, akaenda mpaka mlango wa uzio.

Koplo Luhende akasimama. Akashika redio koli. "Mkuu, kuna mama hapa anataka kuingia kwa Tajiri na bakuli."

"Jina?"

"Siwatu."

Vikasikika vidole vinagonga mashine. Vikagonga tena. "Hayumo."

"Mkuu, namwona."

"Koplo, kati yako na mfumo nani anaona mbali? Nimesema hayumo. Hapo mlangoni hakuna mtu. Usitusumbue."

Koplo akashusha redio. Akamtazama Bi. Siwatu kwa muda, kisha akatazama juu, kwenye kunguru. Akasogea pembeni, kama mtu anayepisha upepo.

Kidawa alipomwona akainuka. Alikuwa amekonda kiasi kwamba kanga ilimzunguka mara mbili. Akachukua kopo. Bi. Siwatu akanyoosha mikono, na yale maji, jamani, hayakuanguka pembeni hata tone. Kisha Bi. Siwatu akachukua kopo.

"Haya, Tajiri," akasema, "hujambo?"

"Sijambo. Wewe nani? Mbona hapa naambiwa hakuna mtu?"

"Mimi sipo. Nimepita tu."

"Basi usiyekuwepo, kula, wali unapoa."

Wakacheka. Wakacheka mpaka kochi la uani likashtuka. Redio koli ikakoroma.

"Koplo! Tajiri anafanya nini?"

"Anakula, mkuu."

"Na nani?"

"Peke yake."

"Mbona nasikia vicheko viwili?"

Koplo akameza mate. Harufu ya karanga ilimfikia kwenye kiti. "Ni mwangwi, mkuu. Haya mabati."

"Vizuri. Andika, Tajiri anacheka peke yake. Hiyo ni dalili ya ustawi."

Ikakatika. Kule mkekani Bi. Siwatu akasogea, akaacha nafasi, akaigonga kwa kiganja.

"Karibu chakula, mwanangu."

Koplo Luhende hakujibu, maana hakuna aliyemwita. Alikaa wima kwenye kiti chake cha serikali, macho kwa kunguru, mikono mapajani. Tumbo lake ndilo lililoitika.